Besi ya Yaya na Mngurumo wa Reli

Nyumba yetu ya Kamina ilinguruma. Sisemi kwa mfano, ingawa wenzangu wa duara la waandishi hapa Lubumbashi hudhani kila ninachosema ni mfano. Tulikaa mtaa wa wafanyakazi wa reli, karibu na pale ambapo mashine za umeme zinazopanda kutoka kusini hukoma, na zile za mazuti, yaani dizeli, huyapokea mabehewa na kuyavuta kaskazini. Waya wa umeme ulipita juu ya njia ya treni na haukulala kamwe. Transfo yake, sanduku la chuma lililojaa mafuta, kubwa kama chumba cha mtu mseja, ilisimama ndani ya uzio wake jirani na bomba la maji. Ukipita pale na sufuria tupu kichwani, sufuria iliitikia. Ukiwasha redio, mngurumo ulikuwa ndani. Ukiweka sahani ya muziki, mngurumo ulitangulia wimbo, ukausindikiza, kisha ukabaki baada yake kama mgeni asiyejua kuaga.

Mimi niliuchukia. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule majuzi, kichwa kimejaa riwaya ambazo sikuwa nimeziandika, na niliamini kwamba mahali fulani pana ukimya safi ambao ningeweza kukaa ndani yake na kuandika. Kaka yangu mkubwa, niliyemwita Yaya kama kwetu kila mdogo anavyomwita mkubwa wake, aliupenda. Yeye na vijana wote wa gitaa wa mtaa ule hawakuwa na kinanda wala filimbi ya kupatanishia nyuzi zao. Walikuwa na transfo. Waliegemea uzio, gitaa kifuani, jicho moja limefumbwa, wakageuza funguo polepole mpaka uzi wa sol, ile noti ya tano, ukakaa juu ya mngurumo bila kutetemeka. Waliiita sol ya reli. Harusi zote za mtaa wetu, misa zote za vijana, ngoma zote za Jumapili zilipigwa juu ya sol ya reli, na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu wote tulikuwa tumekosea kwa kiasi kilekile.

Yaya aliniita Nkambo, yaani bibi, kwa kuwa nilibeba jina la bibi mzaa baba. Kwa hiyo hata aliponitukana, alinitukana kwa heshima.

Mwaka ule alitaka kitu kimoja tu: nafasi ya besi katika okestra ya kambi ya jeshi iliyo nje ya mji. Mpiga besi wao alikuwa amehamishiwa Kisangani na familia yake yote, na kiti chake kilikuwa wazi. Aliyekipata angepewa chumba kambini, mchele, na gitaa la besi ambalo shingo yake haikufungwa kwa waya. Yaya alikuwa akipakua mabehewa stesheni, siku kazi ipo, na siku haipo alikaa barazani akipiga besi bila umeme, kidevu kimelala juu ya mbao ili asikie kwa mfupa. Mama alikuwa amechoka kumlisha mwanamume mwenye ndevu, na hakuficha. Mkuu wa okestra, ajida mmoja, mwenye cheo juu ya sajenti, kutoka upande wa bahari, mtu wa maneno machache, alimwambia aje Jumamosi apige wimbo mmoja. Wimbo huo ulikuwa mpya kutoka Kinshasa. Kila mtu alisifu besi yake, na hapakuwa na baa hata moja Kamina iliyokuwa nao.

Sahani ya wimbo ule ilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa mke wa askari aliyetunza vyombo vya okestra. Huyu mama alitoka Équateur, alifanya biashara ya samaki kati ya Bukama na kambi, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota njiani. Yaya alimwomba amwazime sahani. Akacheka.

"Disiki yangu haitembei peke yake," akasema. "Kule iko, kule niko. Bwana yangu naweza kumwacha nyumbani. Disiki, hapana."

Basi alikuja nayo. Lori la kambi lilimshusha mlangoni petu siku mbili kabla ya mtihani, sahani imefungwa ndani ya kitenge juu ya mapaja kama mtoto mwenye homa, na kando yake ampli ya okestra, yaani mashine ya kukuza sauti, nzito, ya kijani ya jeshi. Mume wake aliituma ili nibadilishe fishi yake, yaani plagi, iliyovunjika. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa simu za reli. Aliacha chuma chake cha kulehemia, sanduku la vipande na marundo ya magazeti ya Kifaransa ya ufundi. Vyote nilivirithi mimi, kwa sababu Yaya alilinda vidole vyake kuliko macho.

Yule mama akaketi kwenye kiti kizuri, akala bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo aliyopika Mama, bila kuitoa sahani mapajani, kisha akaifungua mwenyewe, akaipangusa kwa ncha ya kitenge na kuiweka juu ya mashine yetu ya kuchezea sahani.

Mngurumo ukaanza. Yeye akageuza kichwa kuelekea jikoni.

"Eh! Nani anasaga mihogo?"

"Ni reli, Mama," Yaya akasema. "Utazoea."

"Nizoee? Kinshasa wimbo huu hauna reli!"

Wimbo ukaingia. Magitaa matatu yalisukana juu, sauti za waimbaji zikapanda, na chini, mahali ambapo besi ilipaswa kutembea, palikuwa na mngurumo na besi pamoja, kama watu wawili chini ya shuka moja. Ungejua kwamba pana mguu. Hungejua ni wa nani.

Yaya alisikiliza ameinama. Mara tatu alianza kupiga, mara tatu akaacha. Mimi nikaanza kazi.

Kwanza nilifanya yale ambayo kila mtu hufanya. Niligeuza plagi ukutani. Nilisogeza mashine mbali na ampli yetu ndogo ya nyumbani. Nilifunga waya wa ardhi kwenye fimbo ya shaba nikaipigilia nje chini ya dirisha, nikamwagia maji ya chumvi. Mama akatoka na ufagio.

"Unapanda nini pale?"

"Ardhi, Mama."

"Unapanda ardhi mu ardhi. Baba yako pia alikuwa hivi."

Mngurumo ulipungua kidogo, kiasi cha kunikasirisha zaidi. Treni ya shaba ilipoanza kuondoka stesheni ikiwa imesheheni, ukarudi na nguvu zake zote.

Hapo ndipo nilipoamua juu ya nyaya. Nataka nieleze jambo hili taratibu, kwa kuwa ndilo lililotugombanisha. Ndani ya kichwa cha sindano mna koili mbili ndogo, za waya mwembamba kuliko unywele, na kila koili ina ncha mbili. Kwa njia ya kawaida, ambayo mashine yetu ilifungwa kwayo, ncha moja hupewa waya wake, na ncha ya pili huunganishwa na wavu wa shaba unaoufunika waya huo. Wavu huo hufanya kazi mbili: unarudisha wimbo, na unakinga uchafu wa nje. Ni kama mtu aliyepewa kubeba maji ya kunywa na kufagia choo kwa mkono mmoja. Kila mngurumo unaogusa wavu huingia katika wimbo.

Kuna njia ya pili. Ncha zote mbili hupewa nyaya, nyaya hizo husokotwa pamoja, na wavu huachiwa kazi ya ulinzi tu. Wimbo unakwenda katika waya mmoja na kurudi katika mwenzake, kila mmoja kinyume cha mwingine. Mngurumo, kwa kuwa unatoka nje, huingia katika nyaya zote mbili sawasawa. Mwisho wa safari pana transfo ndogo, kama kidole gumba, inayozilinganisha: kilicho sawa katika nyaya zote mbili inakifuta, kilicho kinyume inakipitisha. Nilisoma maelezo hayo katika gazeti moja la Baba nikiwa nimelala chali, na moyo ulinipiga kama nimesoma shairi. Kwamba sindano ilizaliwa na ncha mbili huru, na kwamba ni sisi tuliofunga moja kwenye uchafu! Nilitaka kumwamsha mtu nimwambie.

Ampli ya kambi ilikuwa na milango ya njia hiyo. Ilikuwa milango ya maikrofoni, matundu matatu kila mmoja, na nyuma ya kila mlango, ndani ya chuma, zilikaa zile transfo ndogo. Nilikuwa nimeshaifungia fishi mpya. Ilikuwa mezani kwetu, nzima, tayari.

Nikachukua kibano cha nyusi cha Mama. Kwenye kichwa cha sindano nilikuta kipande cha bati, chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, kilichounganisha ncha ya buluu na gamba la chuma. Hicho ndicho kilichoifunga ncha ile. Nikakitoa. Nikavuta nyaya mpya mpaka kwenye milango ya ampli ya kambi, nikazisokota, nikalehemu. Yule mama wa Équateur alinitazama akitafuna karanga.

"Bibi harusi gani huyu," akamwambia Mama, "anajua kuchoma bati na hajui kusuka nywele."

"Nani amekwambia ni bibi harusi?" Mama akajibu. "Huyu ataolewa na redio."

Niliposhusha sindano, nyumba ikanyamaza. Sijui nieleze vipi. Kwa maisha yangu yote sikuwahi kuisikia nyumba ile bila chochote ndani yake. Kisha wimbo ukaja, na nikasikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Nikasikia ukucha wa mpiga gitaa ukigusa uzi. Kila gitaa lilisimama mahali pake, mbalimbali, kama nguo zilizoanikwa. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Besi iko wapi?" Yaya akauliza.

"Iko."

"Iko wapi?"

"Iko nyuma."

"Nyuma ya nani, Nkambo?"

Alikuwa na haki. Besi ilibaki mlio tu, tik, tik, kama mtu anayetembea juu ya godoro amevaa viatu vya mbao. Nilijua sababu, na kujua kwangu hakukunisaidia. Wanaochonga sahani hupunguza sauti nzito makusudi, ili mfereji wake usiwe mpana na kumeza mifereji jirani. Ampli yenye mlango wa sahani huzirudisha baadaye. Ampli yetu ya nyumbani ilikuwa na mlango huo. Ya kambi ilikuwa na milango ya maikrofoni tu, na maikrofoni haidai kurudishiwa kitu.

Kwa hiyo tulikuwa na besi ndani ya mngurumo, au usafi bila besi. Dawa ilikuwa wazi mbele yangu: kuzitoa zile transfo mbili ndani ya ampli ya jeshi, nizifunge katikati ya nyaya zangu na ampli yetu, tupate yote mawili. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja, na ningezirudisha kesho yake. Zilikuwa nyuma ya skrubu nne, na juu ya kila skrubu palikuwa na tone la rangi nyekundu ya jeshi, ili ajulikane mtu aliyefungua.

Nikashika bisibisi. Yaya akanishika mkono.

"Weka chini."

"Yaya, nitapaka rangi tena."

"Utapaka rangi ya nani? Weye iko na rangi ya jeshi? Hii ampli Jumamosi itakuwa pale, minyi pia nitakuwa pale. Nitasema nini? Kwamba dada yangu alipasua chombo cha okestra ili asikie muzuri?"

"Ili wewe usikie!"

"Minyi niko nasikia tayari."

"Unasikia transfo ya reli."

"Transfo iko mu sol. Wimbo iko mu sol. Shida iko wapi?"

"Shida iko hapo hapo!" nikapiga kelele. "Ukisikia sol hujui ni ya nani!"

"Yote iko sol, Nkambo. Sol haina baba."

Yule mama alicheka hadi karanga zikamwagika. "Jibu hilo!" akaniambia. Jibu langu lilikuwa refu, na hakuna kinachokera kama kuwa na jibu refu mbele ya watu wanaocheka.

Nikamwomba Yaya basi tutumie njia zote mbili. Asikilize kwanza kwa nyaya mbili, ajue kidole kinagusa uzi wakati gani na kinatulia wakati gani, kwa maana zile tik, tik zilikuwa wazi kabisa. Halafu nirudishe njia ya kawaida, ajue ni noti zipi. Alinitazama kama niliyemwambia ale nyama leo na mchuzi kesho.

"Niko na kichwa kimoja, na Jumamosi iko karibu. Rudisha vile ilikuwa."

"Yaya."

"Besi ni yangu. Mtihani ni wangu. Rudisha."

Ndivyo alivyochagua, naye alikuwa na haki ya kuchagua. Nikarudisha kile kipande cha bati kwa kibano, nikafunga waya wa kawaida, na mngurumo ukaketi tena kati yetu. Uso wa Yaya ulilegea. Alipatanisha nyuzi zake juu yake, akaanza.

Alijifunza mchana ule wote na kesho yake. Alikuwa na vidole vizuri, sitasema vinginevyo. Alipata zile noti za kupanda, akapata kale kageuko ambako kila mtu alikazungumzia. Lakini mwisho wa kila mstari, pale ambapo magitaa hujibizana, yeye alishikilia sol ndefu, nzito, kama mtu aliyeegemea mlango. Mara ya kwanza nilidhani anapumzika. Mara ya kumi nikaelewa kwamba ameipokea kama sehemu ya wimbo. Nilimwambia. Akaniambia niende nikaandike vitabu vyangu.

Mama wa Équateur alikuwa akicheza kando ya mlango, taratibu, mkono mmoja umeshika kile kitenge cha kufungia sahani. Alifika pale penye sol ndefu, akasimama ghafla.

"Papa, hapa besi inanyamaza. Kinshasa, hapa miguu inapumzika. Tazama." Akarudia. Kiuno kilikwenda, kilikwenda, kikatulia, kikangoja, kikaenda tena.

"Mama, minyi nasikia na masikio, si na kiuno."

"Haya," akasema, bila kukasirika. "Jumamosi piga na masikio. Tutaona nani atacheza."

Jumamosi tulipanda lori la kambi sote watatu, mimi, Yaya na mama wa Équateur, ampli katikati. Nilikwenda kwa sababu Yaya aliniomba nibebe waya zake, na kwa sababu bado nilitumaini. Barabara ni ndefu kutoka mjini hadi kule, imenyooka katikati ya nyasi, na kadiri tulivyokwenda, reli ilibaki nyuma. Sikulitilia maanani jambo hilo. Nilikuwa nikimsikiliza Yaya akipiga wimbo kwa vidole juu ya goti lake.

Ukumbi wa askari ulikuwa na dari ya juu na viti vya chuma. Wake za askari walikuwa wamekaa kando na mabeseni yao ya biashara, wakisubiri kuona. Kulikuwa na mshindani mmoja, mwana wa koplo, mwembamba, amevaa shati la ndugu yake. Yeye alipiga kwanza. Alipiga vizuri kiasi, bila moto, na nilimwona Yaya akitabasamu.

Alipopanda Yaya, ajida alipuliza noti kwenye saksofoni yake ili wapatane. Yaya akagusa uzi. Wote tukasikia: sol mbili zikigombana.

"Sitwaye, weye iko juu," ajida akasema, akimwita raia kwa Kifaransa kama desturi ya enzi zile.

"Nimepima asubuhi, Ajida."

"Umepima na nini?"

Yaya akaushika ufunguo wa kwanza. Akashusha nyuzi zake moja moja, na niliona sikio lake likikataa kila alichokifanya mkono. Walianza. Ule mwanzo alioujua kwa vidole ulikwenda vizuri, kale kageuko kakatoka, hata mwanamke mmoja akapiga mbinja. Kisha mstari ukafika mwisho, magitaa yakaanza kujibizana, na Yaya akashikilia sol. Ilikaa chini ya magitaa kama lori lililoachwa injini ikinguruma. Mpiga ngoma akatazama juu. Mstari wa pili, tena. Wa tatu, ajida akainua mkono.

"Hiyo sol ndefu inatoka wapi?"

"Mu disiki, Ajida."

Askari wakacheka. Ajida hakucheka, nasema hivi kwa sababu alikuwa mtu wa haki. Alimwita mama wa Équateur, akamwomba sahani yake. Yule mama akakifungua kitenge chake, akaenda mwenyewe kuiweka kwenye mashine ya ukumbi, hakumruhusu mtu.

Nikasogea kuitazama mashine ile. Nilitaka kujua jeshi linafunga vipi. Nilitegemea nyaya mbili, zimesokotwa, na wavu umeachiwa ulinzi. Nikakuta waya mmoja wa kawaida, wa zamani, umeviringishwa utepe mweusi mahali pawili, wavu wake unachungulia kama soksi iliyotoboka. Hapakuwa hata na waya wa ardhi. Nikangoja mngurumo uanze ili niwe na la kusema.

Haukuanza. Sindano ilishuka katika ukimya mtupu. Reli ilikuwa mbali, ndiyo sababu, hakuna nyingine. Waya ule mchafu, uliofungwa na mtu asiyejali, uliimba safi kuliko chochote nilichowahi kukilehemu. Nilisimama pale na gazeti zima la Baba kichwani, na nilitamani kuupiga teke.

Na besi ikatembea. Ilikuwa nene, ya duara, ilipanda, ikageuka, ikafika mwisho wa mstari ikanyamaza kabisa. Katika ule mwanya magitaa yaliongea na wake za askari wakatulia viuno kwenye viti vyao, wote pamoja, bila kuambiwa. Kisha ikarudi. Sikuwahi kusikia mtu akinyamaza kwa ustadi namna ile.

Nilimtazama Yaya. Alikuwa amekunja uso.

"Umesikia?" ajida akamuuliza.

"Nimesikia."

"Basi rudi siku utakayousikia wimbo huu vizuri. Mwana wa koplo si fundi, lakini anajua kuacha. Atashika nafasi hadi apelekwe mafunzoni. Baada ya hapo, tutaona."

Lori lilitushusha mjini jua lingali juu. Njiani, tulipoliona paa la stesheni, Yaya alifungua mdomo.

"Mashine yao inakula besi," Yaya akasema.

"Nini?"

"Haukuona? Mwisho wa mstari inakata. Kama ile ya kwako ya nyaya mbili. Ajida hajui kwamba mashine yake iko mugonjwa."

Nikamgeukia nimweleze, mimi mtu wa maneno katika nyumba yetu. Yaya alikuwa ameegemeza kichwa kwenye ubavu wa lori, amefumba macho, na kidole chake cha kati kilikuwa juu ya uzi wa sol, kimetulia.

Sahani ilikwenda Bukama na mwenyewe, kwenye samaki. Ampli ikabaki kambini na rangi yake nyekundu. Mimi sikukubali kushindwa na waya. Nilimwandikia rafiki wa marehemu Baba huko Luena, ambako simu za migodi ya makaa zilikuwa zimekufa na migodi yake, nikamwomba transfo mbili ndogo za laini. Zilikuja baada ya mvua kwisha, ndani ya kopo la maziwa, pamoja na vumbi jeusi. Nikatoa tena kile kipande cha bati. Nikasokota nyaya, nikafunga transfo katikati, nikaziingiza kwenye mlango wa sahani wa ampli yetu, kama nilivyotaka kufanya tangu mwanzo. Ilifanya kazi. Treni ya shaba iliondoka stesheni ikiwa imesheheni, madirisha yakatetemeka, na ndani ya spika hapakuwa na kitu. Besi ilikuwa nzima, imekaa peke yake, ungeweza kuizunguka.

Wakati huohuo habari zikaja kwamba mwana wa koplo anapelekwa mafunzoni. Ajida alikuwa ametuma neno: kama yule wa reli bado anataka, aje.

Nikamketisha Yaya mbele ya mashine, mchana, mlango wazi. Sahani ile hatukuwa nayo, lakini tulikuwa na nyingine ya okestra ileile, wimbo wa zamani kidogo uliojengwa kwa namna ileile, na mwanya uleule mwishoni mwa mstari. Niliichagua kwa ajili ya mwanya huo. Nilimwambia apige pamoja nayo.

Akapiga. Noti zote zilikuwa mahali pake, sauti yake na ya sahani zikashikana mikono. Mstari ukafika mwisho. Besi ya sahani ikanyamaza, na katika ukimya nilioutengeneza kwa miezi yote ile, sol ya Yaya iliendelea, ndefu, nzito, haitikisiki.

Nikainua mkono wa sindano, nikaurudisha mwanzo.

Akapiga tena. Akashikilia tena.

"Hapo," nikasema. "Umesikia hapo?"

Yaya aliinua macho. Hakuwa akinidhihaki, alikuwa amesikiliza kwa nguvu zake zote, jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Hapo wapi?" akauliza.